Wiki tisa kabla ya Ziwa Kivu: bwawani naogelea vizuri, maji ya wazi yananikaba pumzi

Rehema_Kunduchi

Habari zenu wanamichezo. Naomba msaada kwa waliokwisha kupita njia hii.

Nina miaka 38, ni mwalimu wa hesabu wa sekondari hapa Dar es Salaam. Nimekulia Dodoma, ambako maji mengi niliyoyajua utotoni yalikuwa ya lambo la kunyweshea ng'ombe, na kuogelea nimejifunza nikiwa na miaka 34. Mwaka jana nilifanya triatloni fupi, mita 750 bwawani, nikamaliza salama. Sasa nimejiandikisha ile ya Rubavu, Rwanda, mwezi wa nane: kuogelea kilomita 1.9 ziwani, baiskeli kilomita 90, kukimbia kilomita 21.1. Baiskeli naimudu, kukimbia nakupenda. Kinachoninyima usingizi ni hizo 1.9 za mwanzo.

Bwawani sina shida. Bwawa lenyewe ni la mita 25, nalivuka mara 76 kwa dakika 54. Kikomo cha kuogelea ni saa 1 na dakika 10, kwa hiyo kwenye karatasi nina akiba ya dakika 16.

Jumapili iliyopita niliingia baharini Kunduchi na rafiki yangu anayeogelea kuliko mimi. Ilikuwa saa 1 asubuhi. Mwanzoni nilikuwa nauona mchanga chini, na ile mikunjo yake kama kitenge kilichokaliwa. Nikatulia, nikahesabu mikono kama ninavyofanya bwawani. Tulipoifikia ngalawa ya mwisho iliyotia nanga, mchanga ukapotea. Pakawa kijani, halafu pakawa hakuna kitu. Nikaiona kamba ya nanga ya ile ngalawa, imeota mwani, inashuka, inashuka, inamezwa na giza. Nadhani ile kamba ndiyo iliyonimaliza. Kifua kilibana, nikanyanyua kichwa, wimbi likanipiga mdomoni nikameza chumvi. Navuta pumzi haiingii. Nililishika rengu la ngalawa, ule mti wa pembeni, nikakaa pale sijui dakika ngapi, rafiki yangu akinisemesha nami siwezi kumjibu. Kurudi tukarudi, mimi chali, yeye akinishika kwapani.

Tangu siku hiyo nimekwenda ufukweni mara mbili na mara zote mbili nimerudi bila kuingia ndani zaidi ya kiunoni. Ada nimelipa, lakini si ada inayoniuma. Nimewaahidi wanafunzi wangu kwamba nitakwenda, na nataka kwenda.

Wiki tisa zinatosha? Nianzie wapi?

---

MtotoWaMkokotoni

Mwanangu Rehema, pole kwa yaliyokukuta. Mimi ni mtu mzima, nimezaliwa Mkokotoni, Unguja, baba yangu alikuwa mvuvi, na kwa miaka mingi nimewafundisha watu wazima kuogelea baharini. Hilo lililokupata nimeliona kwa wanaume wenye vifua vipana kuliko mlango. Usilihesabu kuwa ni udhaifu.

Kwanza, pumzi. Unasema huvuti, haiingii. Haiingii kwa sababu ya zamani haijatoka. Mtu akitishika majini huifunga hewa kifuani, akigeuza kichwa anataka kuongeza juu ya iliyojaa. Dawa yake ni kutoa, wala si kuvuta. Uso ukiwa majini toa hewa mfululizo, polepole, kwa pua na mdomo, mpaka mapovu uyasikie masikioni. Anza bwawani leo: simama maji ya kifuani, zamisha uso, toa mpaka iishe, nyanyuka, vuta kidogo tu, zama tena. Fanya hivyo mara hamsini kabla hujaogelea hata mita moja. Utaona ni jambo la kitoto. Lifanye.

Pili, chagua maji yako. Nyinyi mliojifunzia bwawani mnatazama kalenda ya ukutani, mnasema Jumapili saa 1. Bahari ina kalenda yake. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu huwa bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, huku kwetu tofauti yake yafika mita 4, na maji yote hayo lazima yapite mahali kwa saa sita tu. Mkondo unakimbia, tope linachafuka, huoni hata mkono wako. Tena siku za bamvua maji hujaa alfajiri kama saa 10, na ifikapo saa 4 asubuhi yamekupwa kabisa. Wewe umeingia saa 1, maji yanatoka kwa nguvu zote. Sijui kama Jumapili yako ilikuwa bamvua, lakini hesabu siku za mwezi uone, nawe ni mwalimu wa hesabu.

Siku nzuri kwako ni za maji mafu, tarehe 7 na 8, au 22 na 23 za mwezi mwandamo. Hapo maji hayaendi mbali, mkondo ni mlegevu, tope limekaa chini, na kujaa kunaangukia kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Unaingia saa moja kabla ya kilele, maji yanakuja nawe kuelekea nchi kavu, na yakigeuka wewe umeshatoka. Kumbuka pia sasa tumo kwenye kusi. Upepo wa kusi unaamka jua likipanda, kwa hiyo usichelewe.

Tatu, na hili ndilo ninalokuomba ulishike kuliko yote: rudi kwenye ile kamba. Usiikwepe kwa kuogelea upande mwingine. Nenda siku ya maji mafu na rafiki yako, na mwenye ngalawa awepo chomboni, umwombe kwa adabu. Vaa miwani, shika kamba kwa mkono mmoja, lala kifudifudi, utazame chini huku unatoa hewa. Usiogelee popote. Tazama tu, mpaka macho yazoee. Ukichoka nyanyuka, pumzika, rudia. Siku hiyo hiyo yote iwe ni kamba tu.

Na peke yako, hapana. Hata mita ishirini, hapana. Funga boya la rangi kiunoni, lile la kuvuta, ili wenye mashua wakuone.

---

Njoki_Nairobi

Rehema, hongera kwa kujiandikisha. Nimeogelea Rubavu. Mashindano hayo yalianza 2022, na mimi nilikwenda mwaka uliofuata nikiwa na woga kama wako, ila wangu ulikuwa wa watu kuliko wa kina.

Nikutulize kuhusu mwanzo. Hamuingii wote kwa kishindo. Mnajipanga foleni kulingana na muda ambao kila mmoja anategemea, mnaachiwa wachache wachache, na saa yako inaanza kuhesabu ukivuka mkeka wa mwanzo. Jipange na wenzako wa saa moja, au nyuma kidogo. Ukiingia majini kaa pembeni ya kundi, upande ambao huwa unageukia kuvuta pumzi kama unaweza, ili asiwepo mtu wa kukurushia maji usoni.

Kuna jambo ambalo wengi hatuambiwi. Ukishindwa kuendelea unaruhusiwa kushika kayaki ya waokoaji, au boya, ukapumzika. Hutolewi. Ila usivitumie kujivuta mbele. Mimi nilishika kayaki mara moja, nikatoa pumzi kumi, nikaachia. Yule kijana wa kayaki hakuniuliza kitu, aliniwekea tu mkono juu ya kofia. Mpaka leo namkumbuka.

Sasa hesabu yako ya dakika 54. Samahani, si 54. Ukivuka bwawa mara 76 unausukuma ukuta mara 75 kwa miguu, na kila msukumo unakupa mita kadhaa za bure na sekunde ya kupumua. Ziwani ukuta hakuna. Mara moja kwa wiki ogelea bila kugusa ukuta: ukibakiza mita mbili geuka hapo hapo majini, uanze kutoka kusimama. Inachosha mno. Uliza mwenye bwawa saa ambayo hakuna watu, maana utawakera wengine. Ukiweza 1.9 hivyo kwa saa moja, basi uko salama.

Jifunze pia kutazama mbele. Bwawani una mstari mweusi chini, ziwani huna. Kila mikono minane au kumi nyanyua macho tu yatoke juu ya maji kama mamba, uone, halafu ndipo ugeuze kichwa upande uvute pumzi. Ukinyanyua kichwa kizima miguu inazama. Na usitafute boya lenyewe, wimbi dogo tu linalificha. Kabla hujaingia tafuta kitu kirefu nyuma yake, mti au kilele cha kilima, ukilenge hicho.

Suti ya mpira: inaruhusiwa maji yakiwa si zaidi ya nyuzi 24.5, na Kivu inacheza karibu na hapo, kwa hiyo utajua asubuhi ile ile. Jiandae kwa yote mawili. Kama utaivaa, usiivae mara ya kwanza Rubavu, maana inabana kifua na kwa mtu mwenye hofu ya pumzi hilo ni jambo kubwa. Paka mafuta ya kuzuia michubuko shingoni na kwapani.

---

Furaha_Goma

Mambo dada Rehema, karibu sana kwetu. Mimi ni mutu wa Goma lakini nimekaa Gisenyi, mji wa Rubavu kando ya ziwa, muda murefu, naogelea mu ziwa tangu niko mutoto.

Ziwa yetu haina chumvi kama bahari, na hiyo utaisikia mara moja. Bahari inakubeba, ziwa haikubebi hivyo. Miguu yako itashuka kidogo kuliko ulivyozoea Dar. Ya pili ni hewa. Tuko mita 1,460 juu ya bahari, kila pumzi inakupa oksijeni pungufu karibu asilimia 15. Watu wa pwani wanakuja hapa, wanaanza mbio, dakika tano wanasema nimeshikwa na ugonjwa. Si ugonjwa, ni kilima! Anza polepole kuliko vile moyo unataka. Ukiweza kufika siku nne au tano mbele, uogelee kila asubuhi kidogo, itakusaidia.

Kuhusu giza: hapa pia hutaona chini. Ziwa inafika karibu mita 480, na watu wanasema sana juu ya gesi. Metani iko kweli, lakini iko chini sana, kuanzia mita 250 hivi, na Rwanda inaivuta kufanya umeme. Haikuhusu wewe unaogelea juu. Kitu wageni hawajui na kinaweza kuwahusu ni mazuku. Ni hewa mbaya, kaboni dayoksaidi, inatoka mu udongo wa volkano na kulala mu mashimo na mahali pa chini, zaidi usiku na asubuhi kama upepo hakuna. Haina rangi, haina harufu, na imeua watu. Kwa hiyo usitafute kipembe chako cha pekee ya kufanyia mazoezi, ukakaa kwenye bonde ndogo kando ya maji. Ogelea pale wenyeji wanaogelea. Ufuko wa Gisenyi watu wanaingia kila siku.

Uamke mapema. Asubuhi ziwa imelala, mchana upepo unaamka. Utakutana na wavuvi wa sambaza, samaki kidogo kama dagaa, wanarudi, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na wanaimba. Hao sambaza asili yao ni Ziwa Tanganyika, waliletwa Kivu mwisho wa miaka ya 1950. Kwa hiyo hutakuwa wa kwanza kutoka Tanzania kuzoea maji yetu.

---

Daktari_Tanga

Machache ya kiafya, maana nimeona hayajaguswa. Kwenye triatloni vifo vingi hutokea kwenye kuogelea, wala si kwenye baiskeli, na moyo ndio unaohusika mara nyingi. Dada Rehema, kapime presha na moyo kabla hujaongeza mazoezi. Hata kama hujisikii chochote.

Na wote mnaosoma mjue hili: wapo watu ambao mapafu yao hujaa maji yatokayo mwilini mwao wenyewe wakiwa wanaogelea, bila kumeza hata tone la nje. Dalili zake ni kikohozi kisichokoma, pumzi kuzidi kubana hata ukipunguza kasi, na makohozi yenye povu la pinki. Hapo si suala la ujasiri. Nyanyua mkono, itwe mashua, utoke. Hofu ya kawaida hupungua ukitulia dakika moja au mbili. Hii haipungui.

Asubuhi ya mashindano ingia majini kabla, hata kwa dakika tano, kama waandaaji wanaruhusu. Kama hawaruhusu, jimwagie maji usoni na kifuani, na ukimbie kidogo hapo ufukweni mpaka jasho litoke.

---

Rehema_Kunduchi

Nimerudi. Wiki tatu zimepita, samahani kwa kimya, ilikuwa mitihani.

Shikamoo mzee wa Mkokotoni. Nilihesabu siku za mwezi. Jumapili ile ilikuwa siku mbili baada ya mwezi mpevu, bamvua lenyewe. Nilipoona hivyo kwenye karatasi nilikaa kimya kidogo. Nilikuwa nimejilaumu mimi peke yangu kwa wiki nzima.

Nimepima presha, iko sawa, na moyo wamesema uko sawa. Mapovu mara hamsini nafanya kila siku kabla ya kuogelea. Zoezi la da Njoki la kutogusa ukuta lilinitoa machozi siku ya kwanza, niliacha kwenye mita 600. Alhamisi iliyopita nimefika 1,500.

Na kamba nimerudi. Nilikwenda tarehe 8 ya mwezi mwandamo, na rafiki yangu, na nikamwomba mwenye ngalawa kama ulivyonielekeza. Alikuwa anatengeneza nyavu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwani unadhani hapo pana urefu gani?" Nikamwambia sijui, labda mita ishirini. Akasema, "Pima tatu na nusu." Akaitoa kamba nyingine yenye jiwe, akaishusha pale pale ubavuni mwa chombo, akaivuta na kuipima kwa mikono yake iliyonyooshwa mbele yangu: moja, mbili, tatu, na kipande. Ni kama mita 6. Darasa langu lina urefu wa mita 7 kutoka ubaoni hadi ukuta wa nyuma.

Nikaingia. Nilishika kamba, nikalala kifudifudi. Mara ya kwanza nilikaa pumzi nne nikanyanyuka. Mara ya pili kumi. Mara ya tatu macho yakaanza kuona. Maji yalikuwa safi kuliko siku ile, na mwani kwenye kamba ulikuwa unaelea upande mmoja, taratibu, kama nywele za mtu. Kuna visamaki vidogo vyenye mistari vinaishi humo, vinatoka na kujificha. Nikaifuata kamba kwa macho mpaka chini, na chini palikuwa na nanga ya chuma, mkono mmoja umezama mchangani, na mchanga una mikunjo ile ile ya pale ufukweni. Ulikuwepo siku zote. Nilikaa nikiutazama mpaka rafiki yangu akanigusa bega akidhani nina tatizo.

Siku hiyo sikuogelea popote. Siku iliyofuata tuliogelea kutoka ngalawa ya kwanza hadi ya mwisho, kwenda na kurudi, mara nne. Rafiki yangu anasema ni mita 1,200, saa yangu inasema 1,340, maana yake nilikuwa napinda, bado sijaweza kutazama mbele vizuri. Dakika 41. Kifua kilibana mara moja, tulipogeuka na jua likawa machoni. Nikatoa hewa, nikahesabu mikono ishirini, kikaachia.

Swali kwa da Njoki: kwa jua hilo ulitumia miwani ya kioo cheusi? Na kaka Furaha, hizo siku nne au tano za mapema, nifikie mtaa gani ili niwe karibu na ufuko bila kupanda gari?

---

Njoki_Nairobi

Miwani beba miwili, cheusi na cheupe. Kukiwa na ukungu asubuhi cheusi kitakunyima boya. Mimi niliamua nikiwa nimesimama kwenye foleni.

1,500 bila ukuta ndani ya wiki tatu! Endelea hivyo, lakini wiki ya mwisho punguza, usijimalize.

---

Furaha_Goma

Ni dada Furaha, si kaka, hakuna shida. Tafuta nyumba ya wageni kule chini Gisenyi, karibu na maji. Usikae juu mu mji, kurudi ni mlima. Ukifika niandikie, tutaingia pamoja asubuhi ya kwanza, tuogelee kidogo tu ukisikia hewa.

---

MtotoWaMkokotoni

Marahaba mwanangu. Nimeisoma habari ya kamba mara mbili, na mke wangu nimemsomea.

Maji mafu yajayo ni tarehe 22 na 23. Kusi limeanza kukaza, kwa hiyo ukifika ukaona vichwa vyeupe vya mawimbi nje ya mwamba, baki ndani. Ongeza safari moja ya kwenda na kurudi, si zaidi. Kwa vile ziwa halitakubeba kama bahari, zile siku za bwawani ndizo utakazozitegemea kwa kukaza miguu, usiziache. Na mwenye ngalawa mpelekee kitu, hata kama amekataa pesa.

---

Rehema_Kunduchi

Da Furaha, nisamehe sana, na asante, nitakuandikia.

Mzee, pesa alikataa kweli. Nimemnunulia kamba mpya, pima kumi, maana ile imechoka. Nitampelekea tarehe 22, saa 2 asubuhi, kabla hatujaingia.